Unga Juu ya Jiwe la Achan

Ukifika soko la Lodwar ulizia Nakaale wa samaki, utaonyeshwa. Watakwambia pia kwamba nina mdomo, na hawatakuwa wamekosea. Samaki wangu hutoka Kalokol wakiwa wamekaushwa, nawapanga juu ya gunia, na mtu akiwaminyaminya bila kununua namwambia akaminye mashavu ya shangazi yake. Nakueleza haya ujue mapema kwamba mimi si mtu wa kuona mashetani kila kichaka. Waliokuwa wanayaona nilikuwa nawacheka mbele ya watu. Siku hizi sicheki, na sababu ni mdogo wangu Akuwam.

Siku aliyokuja kuniambia habari ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Jua limepanda, nzi wamejaa, nami nagombana na mwenye pikipiki aliyenitimulia vumbi juu ya mali yangu. Nikamwona Akuwam anakuja polepole, tumbo mbele, mkono kiunoni.

"Ejok, dada."

"Ejok noi. Keti kivulini kabla hujaniangukia hapa."

Akaketi, akacheka, akajifuta jasho. Tumbo lile lilikuwa limengojwa, jamani. Kabla yake zilitangulia mimba zilizoharibika, na mtoto mmoja aliyezaliwa hapumui, nikamzika mimi kwa mikono yangu kwa sababu mama yake hakuweza kusimama. Mumewe, Apua, ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani. Kwa hiyo ulezi wa tumbo lile ulikuwa wangu. Nilikuwa namlisha, namfokea, namzuia kubeba ndoo.

"Nimepata kazi Kakuma," akasema.

"Kazi ya kubeba nini, na tumbo hilo?"

"Si ya kubeba. Ni ya kusoma majina."

Akanieleza. Ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu unaojaa siku za mvua tu, nje ya Kakuma, kuna makaburi ya zamani. Wakimbizi wa kwanza kutoka Sudan walizika watu wao pale, miaka ile kambi ilipokuwa bado changa. Waliowazika wengi wao wako Kanada na Australia sasa, wengine wamerudi kwao, na makaburi hayana mwenyewe. Miiba imeota, mbuzi wanalala juu yake. Kibaya zaidi, kila mvua ikinyesha maji ya lugga yanamega ukingo, na makaburi yanaondoka nao. Sasa ndugu walio mbali walitaka kila jiwe lipigwe picha na kila jina lisomwe kwa sauti na lirekodiwe, kabla mvua nyingine haijaja. Akuwam amesoma, na sauti yake ni safi. Ndiyo maana walimchukua.

"Kazi hiyo ingoje uzae," nikamwambia.

"Mvua haitangoja nizae, dada."

Hapo alinishinda. Nikamwachia jirani gunia langu, nikaenda naye. Ningemwachia nani?

Kule makaburini tulikuwa watu wanne. Kulikuwa na Pontien, Mkongo mtu mzima aliyekuwa na studio ya picha Kalobeyei, mtu wa shati lililopigwa pasi hata katikati ya miiba. Kulikuwa na Amou, mama wa Kidinka anayeuza chai kambini, aliyekuja Kakuma akiwa msichana na hajawahi kuondoka. Yeye ndiye aliyejua nani amelala wapi. Na Akuwam, na mimi wa kukata miiba na kusema sana.

Mawe yenyewe hayakuwa mawe. Yalikuwa mabamba ya saruji, mtu ameandika jina kwa msumari au kwa kidole kabla saruji haijakauka. Upepo wa Turkana unaujua. Umejaa mchanga, unakula kila kitu. Herufi zilikuwa zimelika hata usione kitu ukisimama juu yake. Pontien akatuonyesha ujanja. Unamwaga unga wa ngano juu ya bamba, unaupangusa kwa kiganja, unga unabaki ndani ya mikwaruzo. Jina linajitokeza, jeupe.

"Ala! Unga?" nikasema. "Watu wanalala njaa hapa na nyinyi mnapaka unga makaburini?"

"Ni kidogo tu, mama," Pontien akasema. "Bila unga, hakuna jina."

Akuwam alikuwa anapiga magoti, anamwaga unga, anapangusa, halafu anasoma jina kwa sauti. Pontien anapiga picha na kurekodi. Wanasogea kwa linalofuata. Kazi safi, ya haraka, na mimi nikaacha kunung'unika. Nikawa naweka kijiwe juu ya kila kaburi tulilomaliza, kama tunavyofanya sisi tukipita kaburi la mtu. Unaweka kijiwe, unamsalimu mwenyewe, unaenda zako.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikujua ni nini. Kilinijia baadaye, jua likiwa la utosi. Nyumbani kwetu jina la marehemu haliitwi ovyo. Lina siku yake. Mtoto akizaliwa, anawekwa kwenye titi, na mama mkubwa wa nyumba anaketi karibu na kuita majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine. Mtoto anakataa, anakataa, halafu jina moja likiitwa anashika titi na kunyonya. Basi huyo ndiye aliyerudi, na hilo ndilo jina lake. Na huyu mdogo wangu, na tumbo lake la miezi tisa, alikuwa amepiga magoti tangu asubuhi akiita wafu kwa majina na kuwawekea unga.

Nilitaka kusema. Mdomo wangu huu wote, siku hiyo ukaona haya. Nilijiambia hawa ni wafu wa watu wengine, hawana habari na sisi.

Bamba la Achan lilikuwa la mwisho ukingoni kabisa. Dogo. Upande mmoja ulikuwa umeshaachwa wazi na maji, unaning'inia juu ya lugga. Akuwam akapiga magoti, akamwaga unga, akapangusa. Likatokea jina, na chini yake mstari mmoja kwa Kidinka.

"Achan," akasoma.

Upepo ukapita. Pontien akaangalia simu yake, akatikisa kichwa.

"Rudilia, mama. Upepo imeingia."

"Achan."

"Tena. Kwa nguvu."

Akuwam akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo ingesikika ng'ambo ya pili. "Achan!"

Kisha akashika tumbo kwa mikono miwili. Niliona kwa macho yangu gauni likiruka. Halikuwa teke la kawaida, nimeyaona mateke. Tumbo lote lilihama upande mmoja, upande wa lile bamba, likakaa huko.

"Woi!" Akuwam akacheka, machozi yakimtoka kwa maumivu. "Dada, umeona? Ameitika."

Amou alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi katika joto lile.

"Mwambie asiite tena," akaninong'oneza. "Hiyo jina, asiite tena."

Tulirudi kupitia lugga, kavu, mchanga laini. Pontien alitangulia, Akuwam akafuata, mimi na Amou tukawa nyuma kidogo. Nilikuwa naangalia chini kwa sababu ya miiba. Nyayo za kiatu za Pontien niliziona. Nyayo za ndala za Akuwam niliziona. Na kando ya za Akuwam, upande wa kushoto, zilikuwepo nyingine.

Ndogo. Za miguu mitupu. Za mtoto anayejua kutembea lakini bado anashikwa mkono.

Nikainua macho. Akuwam alikuwa peke yake. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia mbali kidogo na mwili, vidole vimekunjwa.

Amou alikuwa ameona pia. Alikuwa anaburuta ndala zake juu ya zile nyayo ndogo, anazifuta moja moja, huku midomo yake inaenda kwa maombi. Tulipopanda ukingo nikamvuta pembeni.

"Huyo mtoto ni nani?"

"Ya Aluong," akasema. "Jirani yangu. Mimi na yeye, hema moja. Mtoto alikufa ya homa. Aluong alikuwa lazima arudi Sudan, kutafuta bwana yake. Mtoto hakuweza kubeba. Akaandika pale kwa kidole. Mimi nilikuwa pale."

"Aliandika nini?"

Amou akaangalia nyuma, kule makaburini.

"Aliandika, 'Ngoja hapa. Mama anakuja.'"

"Na alikuja?"

"Alikufa njiani, kabla ya Torit. Walimzika kando ya barabara." Akafuta uso kwa ukaya wake. "Lakini mtoto nani alimwambia? Mtoto anangoja. Leo mama amekuja. Tumbo iko, chakula ameleta, jina ameita. Wewe ungekuwa mtoto, ungefikiria nini?"

Haki ya Mungu nilitaka kukimbia, na mimi sina mbio.

Jioni ile katika chumba tulichopanga nilimwambia Akuwam tunarudi Lodwar kesho. Alikuwa ameketi kitandani anasugua tumbo na kuimba kitu. Nikamuuliza wimbo huo ni wa wapi. Akafikiri, akasema hajui. Maneno yake hayakuwa ya Kiturkana wala Kiswahili. Nikazima taa, nikalala nimemshika nguo.

Kulipopambazuka nguo niliyoshika ilikuwa shuka.

Nilitoka bila viatu. Nilijua aliko, wala sikuuliza mtu. Nilimkuta ukingoni, ameketi kando ya lile bamba dogo, miguu inaning'inia juu ya lugga. Jua lilikuwa linachomoza, kila kitu kinaonekana wazi. Alikuwa na pakiti ya unga mapajani. Anachota kidogo kwa vidole. Ananyoosha mkono pembeni yake, mahali pasipo na mtu, usawa wa mdomo wa mtoto aliyeketi. Anangoja. Anarudisha mkono.

Mkono ulikuwa unarudi mtupu. Na chini hapakuwa na unga.

"Akuwam," nikasema polepole. Nilikuwa naogopa ukingo, naogopa yeye, naogopa kilichokuwa pembeni yake. "Akuwam, njoo kwangu."

Akageuka. Uso wake ulikuwa wa furaha tu, furaha ya mtu mzima mwenye akili zake, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Alikuwa na njaa, dada," akasema.

Nilimvuta kwa nguvu nisizojua nilizitoa wapi. Saa hiyo hiyo tukaondoka Kakuma. Pontien alitutafutia gari la mtu anayemfahamu, na Amou akaja kutuaga, akanipa namba yake ya simu. Hakumgusa Akuwam. Njia nzima mdogo wangu alikaa amejibana mlangoni, kaacha nafasi kati yangu na yeye. Nilipotaka kusogea akaniwekea mkono.

"Usimkalie," akasema.

Uchungu ulimshika tulipofika Lodwar. Alijifungua hospitalini, salama, mtoto wa kike, mzuri, nywele nyingi. Alilia mara moja akanyamaza. Nikampigia Apua simu, akapiga kelele za furaha mpaka watu wa wodi wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilidhani tumevuka.

Kisha tukamweka kwenye titi, na akafunga mdomo.

Mwanzoni wauguzi walisema ni kawaida, atazoea. Akuwam alikuwa na maziwa mpaka gauni linalowa. Mtoto anageuza uso. Wakamkamulia kwenye kikombe, yakaingia, yakatoka. Wakampitishia mpira puani, yakarudi vilevile. Daktari alimpima kichwa mpaka kidole, moyo mzuri, mapafu mazuri, koo halina kasoro. Alituambia wazi kwamba haoni sababu, akamtundikia maji ya mshipa. Walihangaika naye wale watu, siwezi kuwalaumu.

Mimi nilijua cha kufanya. Mama yetu hayupo, kwa hiyo mama mkubwa wa nyumba ni mimi. Niliketi kando ya kitanda, Akuwam akamshika mtoto kifuani, nikaanza kuita waliotangulia. Nikaita Asekon, bibi yetu mzaa mama. Mtoto hakufungua mdomo. Nikaita Nakwawi. Nikaita Apetet. Nikaita shangazi zetu, nikaita mama yetu mwenyewe. Nikaita hata wanaume. Mtoto alikuwa ananitazama. Watoto wa umri ule hawatazami mtu, unajua, macho yao yanaelea tu. Huyu alikuwa ananitazama usoni na kungoja nimalize.

Siku zikapita. Utosi ukabonyea. Mashavu yakaingia ndani. Kilio chake kikawa kidogo, halafu kikaisha kabisa, akawa anafungua mdomo bila sauti. Mwanamke wa kitanda cha jirani alihamisha mtoto wake upande wa pili wa wodi, nami sikumlaumu.

"Dada," Akuwam akaninong'oneza asubuhi moja, "unajua anataka jina gani."

"Hilo usilitaje."

"Anakufa."

"Ukimpa jina hilo, umempa yule wa kaburini mtoto wako. Utakuwa umekubali kwamba wewe ndiye mama aliyengojwa. Na aliyemzaa je? Naye akiusikia mwito, atamfuata wapi?"

"Aliyemzaa alikufa, umenieleza mwenyewe."

"Kwani huyo mtoto wake yuko hai?" nikamfokea, kwa sauti ya chini, meno yamebanana. "Ngoja. Kuna jambo nimezungumza na Amou."

Nilikuwa nimempigia Amou. Tulikubaliana aende kaburini mchana kweupe, amwambie yule mtoto kwa lugha yake kwamba mama yake hatakuja, kwamba asimsubiri tena, na amwachie huyu wetu. Amou aliogopa. Akakubali hata hivyo, kwa sababu ya urafiki wake na Aluong. Siku hiyo ndiyo alikuwa anaenda.

Simu ilinifikia mchana. Wodini hakusikiki vizuri, nikatoka uani, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Nakaale." Alikuwa ananong'ona. Nilisikia pumzi zake zinakimbia. "Nimeenda."

"Ukamwambia?"

"Hayuko. Bamba imelala upande. Chini wazi. Kuna mama amekaa pale."

"Mama gani?"

"Alinipa mgongo. Amejaa vumbi, kama mtu ametembea sana. Amekaa tu, anapapasa ile shimo kwa mkono. Anapapasa, anapapasa."

Nikaiegemeza simu ukutani pamoja na sikio langu.

"Amou, ulitoka hapo? Niambie ulitoka."

"Akaniuliza. Hakugeuka. Akauliza, Amou, mtoto wangu nani amechukua?" Sasa alikuwa analia. "Ni sauti yake, Nakaale. Sauti ya Aluong. Huyu alinisuka nywele, alinipikia mimi mgonjwa. Kila siku ananiuliza kitu, mimi namjibu. Mdomo ilijibu yenyewe."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ako Lodwar."

Simu ikakatika, au niliikata mimi, sikumbuki. Ninachokumbuka ni kukimbia. Niliwapita watu kwenye korido, nikamwangushia mmoja ndoo yake. Nilitaka kumwambia Akuwam asithubutu, asiite, liwe liwalo, tutafute njia nyingine.

Nilipofika mlangoni niliwasikia wauguzi wanapiga vigelegele.

Mtoto alikuwa ananyonya. Kwa pupa, mikono yote miwili imeshika titi, koo linapanda na kushuka. Akuwam alinitazama juu ya kile kichwa kidogo. Hakuwa na aibu hata chembe.

"Umemwita," nikasema.

"Nimemwita."

"Akuwam, nimekwambia ungoje!"

"Kungoja!" Machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto. "Wewe ulimzika yule wa kwanza, mimi sikumwona hata uso. Ulitaka nizike na huyu ndio uridhike? Nimechoka, dada. Awe nani, aitwe nani, mimi nataka aliye hai."

Mimi mwenyewe nilimtazama yule mtoto akimeza, na moyo wangu, pamoja na hofu yote, ulifurahi. Nakwambia kweli. Nilipiga magoti nikamshika mguu, ulikuwa umeanza kupata joto. Lile la Amou nikalimeza, sikumwambia. Kwanza nilidhani nitamwambia akipata nguvu.

Tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Apua akaja na zawadi, akambeba binti yake mtaa mzima. Jina la Kidinka lilimshangaza kidogo, akasema basi ni zuri, halina neno. Mimi nikahamia kwao. Nilisema nakuja kumsaidia mzazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa namsubiri mtu.

Mlango niliufunga kwa komeo na kwa meza. Madirisha nilipigilia mbao. Mchungaji alikuja akaomba chumba hadi chumba. Kila mwanamke aliyepita barabarani akiwa na vumbi miguuni nilimtolea macho mpaka apotee. Kutoka Kakuma hadi hapa ni mbali kwa mguu, nikawa najiambia, na wafu hawapandi gari. Wiki ya kwanza haikutokea kitu. Wala ya pili. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna mbwa aliyebweka. Amou alinipigia kusema kwamba mvua imenyesha juu na ukingo wote ule umebebwa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, sokoni, mbele ya watu.

Halafu Akuwam akaanza kulalamika matiti yanamuuma. Yamejaa, yamekuwa magumu, asubuhi mtoto hayataki. Nikamchukua mtoto nikadhani tumerudi kulekule. Nikamtazama. Hakuwa na njaa. Tumbo lilikuwa limejaa, gumu, anacheka na dari.

"Umemnyonyesha saa ngapi?"

"Sijamnyonyesha. Tangu jana jioni."

Ikawa hivyo kila siku. Akuwam anamweka, mtoto anageuza uso taratibu, bila kulia, kama mtu aliyetoka kula. Akakamua, akakamua, mwisho maziwa yakaacha kuja. Yalikauka kabisa. Gauni lake likawa kavu kutwa. Hatukununua maziwa ya kopo, hatukumpa ya mbuzi, hatukumpa hata maji. Mimi ndiye ninayepika nyumba ile na mimi ndiye ninayeosha vyombo.

Kliniki tulimpeleka tukijua tutagombezwa. Muuguzi akamweka kwenye mizani, akaangalia, akacheka kwa furaha, akawaita wenzake waje wamwone. Alimwambia Akuwam kwamba hajaona mtoto anayenyonyeshwa vizuri hivyo mwaka huu. Akuwam alikuwa anatazama sakafu, mikono imekumbatia kifua chake kilichonywea.

Njiani kurudi aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza kama nilikuwa najua kwamba mama wa Achan angekuja. Nikamwambia nilijua. Hakunikasirikia. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akatembea.

Leo asubuhi nimewahi kuamka. Mlango ulikuwa na komeo lake na meza yake. Akuwam alikuwa amelala upande wa ukutani, mimi upande wa nje, mtoto katikati. Mwanga ulikuwa umeshaingia kwenye nyufa za mbao. Nikamnyanyua Achan, nikamweka begani, nikampigapiga mgongo, naye akabeua vizuri, ameshiba, amelegea. Kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na maziwa. Nikayafuta kwa kidole.

Yalikuwa bado ya uvuguvugu.